Wajina wa Nyanya na Makopa ya Kushonwa

Binti wa dada yangu hushona mioyo. Sisemi kwa mafumbo. Huchukua vitambaa akavikata kwa umbo lile ambalo karibu kila mtu siku hizi huliita moyo, akavijaza pamba na kuvipiga mshono wa mkono ukingoni. Vingine huvitia shanga. Hali kadhalika husuka viondo vidogo vya katani, na ubavuni huingiza nyuzi nyekundu mpaka umbo hilo hilo likajitokeza. Kazi yake ni safi na imeanza kupata wanunuzi. Mapema mwaka huu alinijia na ombi ambalo yeye aliliona dogo: nimtungie kwa Kiswahili fasaha jina la mkusanyiko wake mzima, kisha nimsaidie kujaza fomu za kulisajili liwe alama yake ya biashara. Kiini cha jina hilo alikwisha kukichagua. Kilikuwa jina la nyanya yake, yaani mama yangu mzazi, aliyetutoka mwaka wa 2019.

Ningekuwa mtu wa kazi nyingine ningempongeza nikaendelea na chai yangu. Lakini wanaisimu tuna ugonjwa wetu: hatuwezi kuliona jina likipita njiani bila kulisimamisha na kuliuliza litokako na liendako. Walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watanivumilia, maana suala hili la nyumbani kwetu limenifundisha mengi kuhusu majina kuliko vitabu kadhaa nilivyovisoma kwa ajili ya shahada.

Tuanze na moyo wenyewe. Mwalimu wa biolojia atakwambia kwamba moyo wa binadamu ni pande la msuli lenye ukubwa wa ngumi, na kwamba haufanani hata chembe na umbo lile la kadi za tarehe 14 Februari. Umbo hilo ni la wachoraji. Jambo ambalo wengi wetu wa bara hatulijui ni kwamba Kiswahili kina jina lake la zamani, nalo si moyo. Ni kopa. Wacheza karata wa pwani wana shupaza, uru, pau na kopa, maneno manne yaliyotoka kwa Wareno. Na neno la Kireno lililozaa kopa lina maana ya vikombe, kwa sababu katika karata za kale za Wareno alama hiyo ilikuwa kikombe. Alama ikabadilika, jina likabaki. Kwa hiyo Mswahili anaposema mto wa umbo la kopa, kwa asili ya neno anasema mto wa umbo la kikombe, naye hana habari. Kamusi pia itakuonyesha kopa la muhogo uliokaushwa, na kitenzi kopa, cha kuchukua kitu kwa ahadi ya kukirudisha. Haya ni maneno mbalimbali yaliyokutana kwa sauti tu, wala mwanafunzi asije akaandika katika mtihani kwamba yana nasaba moja. Hata hivyo nilipomweleza mpwa wangu, alicheka akasema kwamba yeye amekopa kila kitu: amekopa umbo, na sasa anataka kukopa jina.

Mama hakulijua umbo lile kuwa moyo. Mwaka wa 2018 alipoonyeshwa kopa la kwanza, jekundu, lililoshonwa na mjukuu aliyekuwa angali mwanafunzi, aligeuza kichwa kidogo akasema kwamba ni jani la nduma. Na kweli, atakayekwenda kijitoni atazame majani ya nduma ataona kwamba mama hakukosea. Moyo kwake ulikuwa ngoro, neno la Kigikuyu lisilo na picha. Ngoro huumwa, hufurahi, huwa nyeupe, lakini haichorwi. Kila lugha ina mahali pake pa kuweka hisia. Mjaluo huziweka katika chuny, neno ambalo pia ni jina la ini. Washairi wetu wa Kiswahili wanao moyo, mtima na fuadi, na bado huteremka kwenye ini pale mapenzi yanapowazidi nguvu.

Basi tukaanza kutunga. Jaribio la kwanza lilikuwa la mpwa mwenyewe: Moyo wa Nyanya. Kwa sikio la Mkenya jina hili ni tamu, ila lina kasoro ya sokoni. Nyanya ni mama wa mzazi, na nyanya ni tunda la kupikia mchuzi, na mtu akiona kitu chekundu kilichoandikwa Moyo wa Nyanya anaweza kukitafuta kisu. Tukasema basi tutumie bibi, kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania. Kumbe huku Kenya bibi, katika mazungumzo ya kila siku, ni mke! Mpwa wangu hajaolewa, na hakutaka wateja wa Nairobi wadhani kwamba anashona kwa niaba ya wanaume waliogombana na wake zao. Wingi nao ukaleta ubishi: mioyo au nyoyo? Shuleni tunafundisha mioyo, lakini nyoyo ni umbo la siku nyingi ambalo watu wa pwani na watunzi wa mashairi hawajaliacha, nami siioni sababu ya mwalimu kumkata mwanafunzi alama anapoliandika.

Kilichonishughulisha zaidi ni kile kisilabi kidogo kilicho katikati, -a unganifu. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba katika Kiswahili hakuna neno fupi lenye siri nyingi kama hilo. Picha ya mwalimu: ni picha anayoimiliki mwalimu, au aliyoichora, au inayomwonyesha yeye? Makopa ya nyanya ni yepi? Hapa nadharia ilikutana na kitambaa. Baada ya mazishi, nguo za mama ziligawanywa kama ilivyo desturi, na binti huyu akapewa leso mbili. Makopa yake 12 ya mwanzo aliyakata katika leso hizo. Hayo yalikuwa ya nyanya kwa maana ya umilikaji, bila ubishi wowote, na hakuyauza. Yamo katika nyumba zetu. Yaliyofuata yote ni ya kitambaa cha dukani. Yanaitwa ya nyanya kwa maana nyingine kabisa, maana ya kumbukumbu. Sarufi haizitenganishi maana hizi, na mnunuzi aliyeko mbali hawezi kuzitenganisha pia. Nilimwambia kwamba muuzaji mwaminifu hana budi kuitenganisha mwenyewe, kwa sentensi ya wazi, ili asimwachie -a unganifu amdanganyie wateja.

Sasa nije kwa jina la mama lenyewe. Sitaliandika hapa, na sababu si aibu. Ni mojawapo ya majina ya mabinti wa Mumbi, wale ambao masimulizi ya Wagikuyu husema ni tisa waliojaa, ambao ukiwahesabu utapata kumi. Nikilitaja, nusu ya wasomaji wa mkoa wetu watadhani ninamsema nyanya yao. Na hapo ndipo penye fundo. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na wa pili jina la mama wa mama yake. Mpwa wangu ni binti wa pili wa dada yangu. Kwa hiyo jina analotaka kuliandika juu ya makopa ni la nyanya yake, na ni lake yeye pia. Binti yangu wa kwanza analo. Wa kwanza wa kaka yangu analo. Wa pili wa dada yangu mdogo analo. Wajina wanne walio hai, wote wamelipokea kwa haki ile ile, na hakuna aliyelipokea zaidi ya mwenzake.

Asiyezoea mambo haya atayaona kama mchezo. Kwetu si mchezo. Kwa kuwa binti huyu ana jina la mama yangu, mimi humwita maitu, yaani mama yangu. Na kwa Kigikuyu kaka wa mama huitwa mama. Kwa hiyo mimi, mwanamume mwenye mvi za kwanza, na msichana wa miaka ishirini na kitu, tukikutana kituo cha basi huitana mama na mama, na abiria hugeuka kututazama. Waswahili wana maneno mawili mazuri kwa uhusiano huu, wajina na somo, na wale wanafunzi wanaolalamika kuhusu masomo mengi wakumbuke kwamba somo ni pia mtu mwenye jina lako.

Katika jamii nyingine za nchi hii, jina la aliyekufa haliwekwi juu ya mtoto bila ya mtoto kuulizwa. Waluo, kwa mujibu wa mila, humtajia mtoto anayelia majina ya jamaa waliotangulia. Anaponyamaza, jina lililotajwa wakati ule ndilo limekubaliwa. Wakalenjin wana kurenet, ambapo majina ya mababu hutajwa moja baada ya jingine mpaka mtoto apige chafya. Imani hizo mtu anaweza kuzikubali au kuzikataa. Mimi nazitazama kwa jicho la mtafiti wa lugha. Naona kwamba tendo la kutoa jina lina pande mbili, mtoaji na mpokeaji, na upande wa mpokeaji una kura. Ndipo nikajiuliza, na swali hili nililipeleka mbele ya familia: kiondo kitapigaje chafya?

Aliyenijibu ni mama mdogo, ndugu pekee wa mama aliyebaki. Yeye hakuhitaji isimu. Alisema kwamba haogopi jina la dada yake kuandikwa, anaogopa lisemwe vipi sokoni. Mtu atalishika, aligeuzegeuze, aseme kwamba ni ghali, apewe kwa nusu bei, aondoke akirudi kuomba mbili. Tulinyamaza kidogo. Mama mdogo, bila kujua, alikuwa ameeleza kisa kizima cha nomino ya pekee inavyogeuka nomino ya kawaida. Jina la mtu halina wingi wala haliulizwi bei, lakini likibandikwa juu ya bidhaa inayotoka kwa wingi, siku moja litahesabiwa. Kila mwanafunzi anayesoma makala haya huenda ana biro mfukoni, na hamkumbuki László Bíró. Dereva hujaza dizeli bila kumwazia Rudolf Diesel. Balbu ya wati 60 ilimulika madaftari yetu usiku mwingi, na James Watt alikuwa ni namba tu juu ya kioo. Wataniambia kwamba mabwana hawa wamepewa heshima ya kudumu. Labda. Ila ni heshima ya ajabu hiyo, ya jina kuishi na mwenye jina kusahaulika.

Upande wa pili wa ombi la mpwa wangu, ule wa kusajili, ulikuwa mgumu zaidi. Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506 ya sheria zetu, humpa aliyesajili alama haki ya kuitumia peke yake kwa bidhaa za aina alizozitaja, kwa miaka 10, na akilipa tena huongezwa 10 mingine. Sina ugomvi na sheria hiyo. Fundi asiye na alama huibwa mchana kweupe, na anayetaka kumlaumu binti huyu kwa kutafuta kinga aende kwanza kutazama maduka ya watalii yalivyojaa viondo vilivyofumwa kwa mashine katika nchi ambazo hazijui mkonge. Tena sote tunakumbuka kwamba mwaka wa 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno Kikoy, na ikabidi Wakenya wawasilishe pingamizi hadi ombi hilo likaachwa. Kampuni ya Disney ilikwisha kusajili Hakuna Matata huko Marekani kwa ajili ya fulana mwaka wa 2003, na mwaka wa 2018 maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kulalamika. Kweli, hakuna askari aliyewahi kumzuia mtu kusema hakuna matata. Lakini watu hawakuwa wakilalamikia kukatazwa kusema. Walilalamika kwamba kitu cha wote kimeandikwa peke yake mbele ya jina la mmoja.

Na sisi je? Binti yangu, ambaye anasomea ufundi wa mitindo, alipopata habari aliuliza swali moja kwa sauti ya chini: siku nikifungua duka langu, nitaitwa nani? Sheria za aina hii kwa kawaida humwachia mtu nafasi ya kutumia jina lake kwa nia njema, na nilimwambia hivyo. Hakutulia. Alisema hataki kuachiwa nafasi ndani ya jina lake mwenyewe. Mpwa wangu naye akajibu, na machozi yalikuwa karibu, kwamba ni yeye aliyekaa na nyanya miaka mitatu ya ugonjwa, ni yeye aliyefundishwa kusokota katani juu ya paja, na kama kuna mwenye haki ya kuliuza jina hilo basi ni aliyeliosha na kulilisha. Alilosema ni kweli tupu. Ila sisi wengine tulikuwa na jina, yeye alikuwa na jina na kazi, na hapana fomu inayouliza kuhusu kazi ya namna hiyo.

Nilimpeleka Mombasa, si kwa basi bali kwa maneno. Katika historia ya leso lipo jina la mtu lililosomwa na wanawake wengi kuliko vitabu vyetu vyote. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilianzishwa Mombasa mwaka wa 1887, alijulikana kwa jina la Abdulla, na leso zake zilibeba alama ya K.H.E. pamoja na maneno Mali ya Abdulla. Mwanamke alinunua leso, akaifunga, akabebea mtoto, na leso ikaendelea kutangaza kwamba ni mali ya Abdulla. Nani alikasirika? Hakuna, kwa kuwa hilo halikuwa jina la leso. Jina la leso ni ule usemi ulioandikwa juu ya pindo, na Waswahili huuita hivyo hasa: jina. Humwuliza mwenye duka, leso hii ina jina gani, na jibu huwa sentensi nzima, yenye kitenzi na kiima na wakati mwingine tusi lililofichwa. Mfanyabiashara alikaa pembeni kwa herufi ndogo, na jina likasema neno.

Sentensi haitiwi katika wingi. Sentensi haipunguziwi bei. Nilipomwonyesha mpwa wangu jambo hili, aliuliza: basi nyanya alikuwa akisema nini? Tulikumbuka mengi, mengine hayafai gazetini. Ila kila aliyewahi kuandamana na mama sokoni alikumbuka moja. Mteja akiuliza bei ya kiondo akiwa amesimama mbali, mama hakutaja bei. Alimwambia akishike kwanza.

Kishike Kwanza. Tukabishana tena, safari hii kwa furaha, kwa sababu kishike ni cha kiondo. Mto husema ushike, na kopa lenyewe likitaka haki yake litasema lishike. Mpwa wangu aliamua kwamba ki- ibaki kwenye vitu vyote, kama mama alivyosema, na ngeli zikae kando. Mwalimu wa sarufi ndani yangu alikohoa kidogo, kisha akanyamaza. Jina la mama litaandikwa ndani, katika utepe mwembamba unaoshonewa kwenye mshono, pamoja na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na sentensi inayosema kwamba mshonaji ni mmoja wa wajina wake wanne. Mnunuzi atalikuta nyumbani, baada ya kulipa.

Kuhusu kusajili, bado fomu iko mezani kwangu. Tulidhani maneno yale mawili hayana mgogoro, mpaka mama mdogo aliposomewa akatabasamu akasema kwamba si ya dada yake. Wao wote waliyasikia kwa mama yao, nyanya yangu mimi, ambaye soko lake lilikuwa la kubadilishana. Na wajina wa huyo nyanya, ukiwahesabu wa mlimani na wa bondeni, wanapita 20. Mpwa wangu amesema ataandika barua kwa kila mmoja. Wakati huo huo binti yangu ameagiza kopa moja, jekundu, na wajina wake amemtoza bei kamili.